Folio namba 41: shajara ya kushuti filamu ya msisimko wa kisiasa Bagamoyo

Jumapili. Mwenge, Bunju, Mapinga, Bagamoyo

Kikosi kinaingia Bagamoyo na magari matatu: lori la taa na jenereta, Hiace ya watu, na gari dogo la kamera. Njia ni ile ya Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, lami tupu, kilomita kama 60. Gari la kamera huzima kiyoyozi na kufungua vioo likifika Zinga. Lenzi iliyopozwa njia nzima ikitolewa ghafla kwenye joto la pwani hupiga ukungu, na ukungu ukiingia kati ya vioo vya ndani hauondoki kwa kitambaa. Dawa yake ni kusubiri, nusu saa hadi dakika 40, begi likiwa bado limefungwa.

Hadithi ya filamu ni hii. Karani wa masijala katika wizara ya kubuni anagundua kwamba folio namba 41, yaani karatasi ya 41, imechomolewa kwenye jalada la zabuni ya vivuko. Karatasi hiyo moja inapita mikononi mwa Katibu Mkuu, mwandishi wa habari, mvuvi wa soko la samaki, na mwisho mgombea anayehutubia mkutano wa hadhara. Bunduki ipo moja, inalia mara moja. Kinachobeba hofu ni karatasi: mtazamaji anajua iko wapi, mhusika hajui. Mtazamaji akiacha kuiamini karatasi, hakuna mbio wala muziki utakaomrudisha. Ndiyo maana taa, lenzi, sauti, hata siku ya kwenda ufukweni, vyote vinapangwa kwa kuitazama folio 41 kwanza.

Bagamoyo imechaguliwa kwa sababu serikali na bahari ziko hatua chache kutoka moja hadi nyingine. Boma ya Wajerumani ya mwaka 1897, jumba la forodha la 1895, Ngome Kongwe na soko la samaki vyote vinafikika kwa miguu. Utawala wa Wajerumani ulikuwa na makao yake hapa kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na majengo yake bado yana sura ya amri. Ukisimamisha mtu mmoja mdogo mbele ya kuta zile, mtazamaji anaelewa nani ana nguvu kabla neno halijasemwa.

Mchana unaishia kwenye vibali. Kibali cha Bodi ya Filamu, ambayo chimbuko lake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ndicho cha kwanza, na muswada hupelekwa huko mzima, si muhtasari. Baada yake kuna barua za halmashauri, za polisi wa wilaya, za serikali ya mtaa, na za wasimamizi wa malikale kwa kila jengo la kale. Nakala zinawekwa kwenye mabahasha ya plastiki: seti moja kwa mtayarishaji, moja kwa msaidizi wa mwongozaji, moja kwa dereva wa lori. Ya dereva ndiyo husahaulika, na yeye ndiye anayesimamishwa barabarani akiwa na sare za kipolisi na bunduki ya mpira nyuma ya gari.

Jumatatu. Masijala

Masijala imejengwa ndani ya nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, karibu na mtaa wa India. Nyumba hizi zina sheria yake. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, mita 2.5 hadi 3, basi. Ukibandika mgongo ukutani na lenzi ya milimita 35, kwa kamera yenye sensa ya ukubwa wa Super 35, kwa umbali wa mita 2.5 unaona upana wa mita 1.8 hivi. Hiyo ni watu wawili kiunoni na rafu moja ya majalada. Anayetaka kuona chumba kizima huweka lenzi ya milimita 18, na hapo kuta zinapinda na chumba kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo, kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Suluhisho la leo ni kamera kutoka nje: milimita 50 ukumbini, ikitazama ndani kupitia fremu ya mlango. Karani anaonekana amebanwa na mlango kushoto na rafu kulia, na mtazamaji anakaa mahali pa mtu anayechungulia.

Ukuta hauguswi. Lipu ni ya chokaa juu ya matumbawe. Utepe wa gundi ukibanduliwa unaondoka na chokaa, na msumari hautoki bila kumega. Kila taa inasimama kwenye stendi yake, na kila stendi ina mfuko wa mchanga wa kilo 10 mguuni. Boriti nazo hazitundikwi kitu hata kama zinaonekana imara, maana mchwa hula kuanzia ndani.

Sasa jalada. Yametengenezwa manne yanayofanana: la kwanza ni la shoti za karibu na halishikwi na mtu bila mikono mikavu, mawili ni ya kushikwa, kutupwa na kukimbizwa, la nne ni la kulowa. Kila moja lina folio 1 hadi 64, zimetobolewa na kufungwa kwa tagi, namba ya folio ikiwa imeandikwa kwa mkono pembe ya juu kulia na kuzungushiwa duara. Upande wa kushoto kuna karatasi za dokezo. Barua zimepangwa kama barua za serikali zinavyopangwa: Kumb. Na. na tarehe juu, kisha YAH: kwa herufi kubwa, mwisho nakala. Tarehe zote zimepitishwa kwenye kalenda, kwa sababu barua ya ofisi yenye tarehe 7 Julai au 8 Agosti inamwambia kila mtumishi aliyeketi ukumbini kwamba aliyetengeneza filamu hajawahi kukaa ofisini. Jumapili pia hazina barua.

Karatasi mpya ya A4 ya gramu 80 ni nyeupe mno. Huchovywa kwenye chai ya rangi iliyopozwa, bila sukari. Sukari huifanya inate na kuita sisimizi kabla ya saa sita mchana. Dakika moja kwenye chai hafifu inatosha. Kisha inaanikwa kivulini na kupigwa pasi juu ya kitambaa. Nembo ya Taifa haitumiki, maana inalindwa na sheria. Wizara ya kubuni ina nembo yake ya kubuni, muhuri wake wa duara, na muhuri wa SIRI wenye wino mwekundu. Folio 41 imetolewa nakala 12 kwa sababu inakunjwa mbele ya kamera, na mkunjo wa teki (rudio la shoti) ya tatu hauwezi kurudishwa kuwa wa teki ya kwanza. Mtu wa mwendelezo, anayelinda shoti zisipishane, huandika nyuma ya kila nakala, kwa penseli, sini (tukio) na teki iliyotumika, na hupiga picha ya simu kabla na baada.

Umeme wa hapa ni volti 230 na hezi 50. Taa ya mrija kwenye dari hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, kamera inaona. Kamera imewekwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) nyuzi 180, yaani 1/50 ya sekunde, na kupepesa kunatoweka. Anayelazimika kushuti fremu 24 aweke shata nyuzi 172.8, atapata 1/50 ileile. Akiacha 180 kwenye fremu 24 atapata 1/48, na mawimbi ya giza yatapita polepole juu ya ukuta mweupe. Kwenye skrini ndogo ya kamera hayaonekani vizuri. Yanakuja kuonekana kwenye chumba cha mhariri, na hapo nyumba imesharudishwa kwa wenyewe.

Pangaboi la dari ni tatizo la aina nyingine. Likizunguka linasaidia picha, karatasi zinapepea na joto linaonekana, ila injini yake inaingia kwenye maikrofoni. Linazunguka kwenye shoti pana zisizo na maneno, linazimwa kwenye shoti za karibu ambako halionekani. Ili karatasi zisitofautiane, jiwe dogo limewekwa juu ya rundo tangu shoti ya kwanza, na waigizaji wamezoeshwa kuliondoa na kulirudisha kabla ya kufungua jalada. Mazoea hayo ya jiwe yamekuwa tabia ya karani, na kwenye sini ya mwisho ya masijala mtazamaji ataona jiwe limehama kabla karani hajaona.

Jumanne. Ofisi ya Katibu Mkuu

Kurasa nne na 3/8 kwa siku moja, karibu zote maneno. Ukurasa wa muswada huhesabiwa kwa sehemu nane, na ukurasa mzima hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Wastani wa kurasa tatu hadi tano kwa siku unavumilika kwa kikosi kidogo kama hakuna mbio wala umati.

Baadhi ya waigizaji wamepitia TaSUBa, taasisi iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na wanakuja na sauti na mwili uliofunzwa jukwaani. Ni hazina kubwa. Mwongozaji anachobadilisha ni umbali: jukwaani sauti inatafuta mtu wa safu ya mwisho, hapa inamtafuta mtu aliye upande wa pili wa meza, mita moja na nusu. Badala ya kuwaambia wapunguze sauti, jambo linalowapunguzia na moyo, huwekwa mtu halisi wa kumnong'oneza. Bumu, maikrofoni ya kwenye fimbo ndefu, linashuka hadi sentimita 40 juu ya kichwa, nje kidogo ya fremu, na maikrofoni ndogo ya kifuani inarekodi kwenye njia yake kama akiba.

Mazungumzo yenyewe yamefanyiwa kazi zaidi ya kitu kingine chochote kwenye muswada. Tishio la kisiasa kwa Kiswahili huja na adabu. Karani ni mama wa makamo, Katibu Mkuu ni mdogo kwake kwa miaka kadhaa, na hilo linatawala kila sentensi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Kaa, mama yangu. Umetumikia wizara hii muda mrefu. Watoto wote wazima?"

"Wazima, namshukuru Mungu."

"Wa mwisho nasikia yuko Tanga."

Hakuna aliyetaja jalada. Bosi ndiye aliyeamkia, tena vizuri, na kwa kumuuliza mtoto ambaye hakutajwa popote amesema yote. Rasimu ya kwanza ilimfanya apige meza na kufoka; kwenye mazoezi hofu ilipotea palepale, maana mtu anayefoka ameshaishiwa.

Kamera inakaa upande mmoja wa mstari unaounganisha macho ya hao wawili. Ikivuka, wataonekana wote wanatazama upande mmoja na mtazamaji atahisi meza imegeuzwa. Hapa mstari unavukwa mara moja kwa makusudi, kwa kamera inayozunguka nyuma ya karani anaposikia neno "Tanga". Kuanzia hapo shoti zote zinatoka upande wa pili.

Fundi sauti ameandika saa za azana kwenye ratiba ya siku. Adhuhuri na alasiri kazi inasimama. Azana ikikatwakatwa kati ya shoti mbili inaruka maneno, jambo ambalo Bagamoyo nzima italisikia na halina heshima. Dakika hizo zinatumika kubadilisha lenzi na kunywa maji. Ya kuogopa zaidi ni bodaboda: mtu wa kila kona ana redio, na kabla ya neno "tunarekodi" anaomba njia kwa dakika mbili, si zaidi. Wenye bodaboda hukubali dakika mbili. Wakisimamishwa kumi, hawasimami tena wiki nzima.

Kabla ya kuvunja seti, watu wote wanakaa kimya sekunde 60 na chumba kinarekodiwa kitupu. Mhariri huutandaza ukimya huo chini ya mazungumzo ili viungo vya shoti visisikike.

Jumatano. Maji kupwa

Sini ya ufukweni ilipangwa kabla ya nyingine zote, hata kabla ya tarehe za wiki. Karani anamkabidhi mvuvi folio 41 mbali na nchi kavu, mahali ambapo hakuna pa kujificha na kila mtu anaonekana kutoka Boma. Inahitaji maji yaliyokwenda mbali sana, majahazi yamelala ubavu kwenye mchanga.

Waandishi wengi wa miswada huiandika sini ya namna hii jioni, jua likizama baharini. Bagamoyo inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Na kuna jambo la pili ambalo wavuvi wanalijua na wapiga picha hawaliulizi: pwani hii, wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, karibu saa 10, na hupwa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi na tena usiku. Kupwa kwa alasiri huja wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na siku hizo maji hayaendi mbali. Kwa hiyo picha ya mchanga mpana usioisha wenye mwanga laini wa jioni haipo. Inabidi kuchagua, nasi tumechagua mchanga. Mwezi ulikuwa mpevu jana. Leo kilele cha kupwa ni kama saa 5 kasorobo.

Hapo ndipo ratiba inapogeuzwa juu chini. Kwa kawaida shoti pana huanza, za karibu hufuata. Leo za karibu zinaanza saa 2 asubuhi, jua likiwa bado chini na nyuso zina umbo, ingawa maji hayajatoka yote. Lenzi ni milimita 85 kwa f/2.8, yaani tundu lake limefunguliwa sana, nyuma kumefifia, hakuna atakayejua bahari iko umbali gani. Shoti pana zinangoja saa 4 na nusu. Baada ya saa 5 jua liko juu sana, macho yanaingia kivulini mwa paji la uso, na shoti za karibu hazifai tena. Maji yakigeuka hayasubiri mtu: yanarudi juu ya mchanga huu tambarare haraka kuliko kikosi kinavyoweza kubeba vitu, kwa hiyo masanduku yote yanabaki nchi kavu na kinachoingia ufukweni ni kile kinachobebeka kwa safari moja.

Mwanga wenyewe unahesabika. Kamera kwenye ISO 800 (wepesi wake wa kuona mwanga) na shata 1/50, jua la wazi lingetaka f/16 na kupunguzwa stopu nne, kila stopu ikikata mwanga nusu. Kufika f/2.8 ni stopu tano nyingine, jumla tisa, yaani kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, ND 2.7. Kichujio kizito hivyo, kama hakizuii miale ya infraredi, hugeuza nguo nyeusi kuwa ya kahawia iliyoiva. Suti ya dereva wa Katibu Mkuu ni nyeusi, na ingetofautiana na suti ileile ya jana ndani ya ofisi. Jaribio lake huchukua dakika tano: suti, kichujio, jua, kisha tazama kwenye skrini kubwa. Lifanyike kabla ya kuondoka Dar.

Kusi bado inavuma. Kitambaa cha kulainisha jua cha mita 3.6 kwa 3.6 kwenye upepo huu ni tanga la ngalawa, kitamrusha aliyekishika. Zinatumika fremu ndogo za mita 1.2, kila moja na watu wawili. Maikrofoni imevaa manyoya na fundi sauti anaielekeza mgongo ukiwa baharini. Baada ya sini, mawimbi yanarekodiwa peke yake kwa dakika mbili, na kelele za mnada wa soko la samaki dakika tano, kutoka mbali na kutoka karibu.

Folio inalowa kwenye sini hii, na kila shoti inataka kulowa kwa namna yake. Maandishi ya printa ya leza hayayeyuki. Wino wa biki nao ni wa mafuta, unabaki. Kwa shoti ambazo karatasi lazima isomeke, barua ni ya leza na saini ni ya biki. Kwa shoti moja ambayo saini ya Katibu Mkuu inayeyuka machoni pa karani, imetumika kalamu ya wino wa maji na muhuri wa wino wa maji, maandishi mengine yakibaki leza. Ushahidi mzima unasomeka. Jina la mkosaji ndilo linaondoka na maji. Nakala tatu zimetengwa kwa shoti hiyo na wino ulijaribiwa na maji ya chumvi yenyewe, kwa sababu kasi ya kuyeyuka si sawa na ya maji ya bomba.

Jioni kila kilichofika ufukweni kinapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kisha kikavu. Miguu ya tripodi inafunguliwa na kusuuzwa. Chumvi haileti shida siku hiyohiyo. Inaleta wiki inayofuata, mguu ukikataa kuteleza.

Alhamisi. Mkutano wa hadhara

Mkutano wa kuigiza katika mji halisi ni jambo la kushughulikia kwa uangalifu kuliko risasi. Mtu anayepita anaona jukwaa, bendera, polisi na vipaza sauti. Akipiga picha ya simu na kuituma, ndani ya saa moja kuna mkutano wa chama usiokuwapo. Kwa hiyo jana na leo asubuhi serikali ya mtaa imetangaza kwa spika ya gari, mabango ya "HAPA INASHUTIWA FILAMU" yako kila mlango wa uwanja, na askari wa kweli yupo pembeni muda wote. Rangi za chama cha kubuni zimechaguliwa baada ya kulinganishwa na za vyama vilivyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, kaulimbiu vilevile. Mabango ya mgombea yanahesabiwa yanapobandikwa na kuhesabiwa yanapobanduliwa.

Sare za kipolisi zina mtunzaji mmoja mwenye daftari na sanduku la kufuli. Mwigizaji anavaa dakika chache kabla ya shoti, na akienda kula anafunikwa koti au anavua. Hakuna anayetoka uwanjani na sare, hata kwenda dukani mara moja.

Watu waliokuja ni 90, umati unaotakiwa ni wa mamia. Lenzi ya milimita 135 inawabana: safu kumi zilizoachana mita moja zinaonekana zimeshikana. Kamera haipandi juu ya mabega, maana ikipanda inaona mwisho wa watu. Kwa shoti moja pana, kamera imefungwa kabisa kwenye tripodi na watu wanajaza theluthi ya kushoto, kisha ya kati, kisha ya kulia, wakibadilishana kofia, tisheti na khanga, mhariri ataziunganisha. Kinachoharibu ujanja huu ni wingu. Theluthi moja ikishutiwa juani na nyingine kivulini, mshono unaonekana. Mtu mmoja kazi yake ni kutazama juu na kusema dakika ngapi za jua zimebaki.

Mgombea anapohutubia, umati unashangilia kimya: midomo wazi, mikono hewani, viganja havigusani. Hotuba inarekodiwa safi. Baadaye umati peke yake unarekodiwa ukishangilia, ukizomea, ukinyamaza ghafla, na vigelegele vya akina mama mara mbili, karibu na mbali. Kunyamaza ghafla ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa daima kuna wawili watatu wanaochelewa. Lakini ndiko kunakobeba sini, wakati mgombea anatoa folio mfukoni.

Maji ya kunywa, kivuli na chakula cha saa 6 viko tayari kabla ya kamera. Malipo yanatolewa jioni hiyohiyo kwa orodha na saini. Mji mdogo unakumbuka.

Ijumaa

Siku fupi. Droni, kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inaruka alfajiri tu, kabla kusi haijaamka. Saa 6 hadi saa 8 mchana ni ya swala. Alasiri ni shoti za simu: ujumbe unaosomwa kwenye skrini, namba ya kubuni, simu imezimwa mtandao ili salamu za kweli zisiingie katikati, mwanga wa skrini umeshushwa hadi ulingane na uso.

Data pia imekaguliwa. Kwa ProRes 422 HQ, aina ya faili la video, ya 4K kwenye fremu 25, dakika moja hula karibu gigabaiti 5.5, kadi ya 512 inajaa kwa saa moja na nusu. Kila kadi inanakiliwa kwenye diski mbili kwa programu inayolinganisha faili moja moja, na hakuna kadi inayofutwa kabla ya mtu wa pili kufungua shoti ya kwanza, ya kati na ya mwisho. Diski ya tatu inakwenda Dar kila usiku, kwa gari lisilobeba hizo mbili.

Jumamosi usiku. Vichochoro

Karani anakimbizwa kutoka Ngome Kongwe hadi jumba la forodha. Mwezi utachomoza baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo shoti zinazoona bahari zinaanza mapema, vinginevyo nusu ya mbio zina mwezi na nusu hazina.

"Mwezi" wetu ni taa moja ya wati 1200 mwisho wa kichochoro, mita 3.5 juu, ikipiga kuelekea kamera. Taa ni ya mwanga wa mchana, kelvini 5600 kwa kipimo cha rangi ya mwanga. Kamera imewekwa 4300, na bluu inayotoka ni ya kiasi. Madirishani kuna taa ndogo za rangi ya moto. Uso wa karani unapita gizani na kutokea kwenye mwanga wa dirisha, tena na tena, na katikati ya giza hizo mtazamaji hajui kama karatasi bado iko kifuani mwake.

Mzigo wote ni wati 3600. Jenereta ya kVA 6.5 inatoa kama kilowati 5.2 za kweli, na haipaswi kubebeshwa zaidi ya robo tatu kwa muda mrefu. Imewekwa mita 50 nyuma ya ukuta mnene ili isisikike, na umbali huo una gharama: waya wa milimita za mraba 1.5 ukibeba ampea 13 kwa mita 50 unapoteza karibu volti 16, wa 2.5 unapoteza chini ya 10. Waya ni wa 2.5. Unakunjuliwa wote hata kama nusu haihitajiki, maana waya uliobaki kwenye gurudumu unapata joto hadi kuyeyuka.

Shoti za kukimbia zina shata ya nyuzi 90, yaani 1/100. Mwendo unakatika kidogo na kuongeza taharuki, na taa za mtaa bado hazipepesi. Kushuka hadi 1/200 kungerudisha mawimbi ya Jumatatu.

Bunduki ni ya mpira. Hata hivyo inatangazwa kwa sauti kabla ya kutolewa sandukuni, inaonyeshwa kwa mwigizaji na kwa aliye mbele yake, na inarudi sandukuni kati ya teki. Hakuna baruti, cheche na mlio vitawekwa na mhariri, na mwigizaji anarusha mkono kwa ishara. Majirani wamepewa habari nyumba kwa nyumba, kwa sababu mtu anayeamka saa 5 usiku na kuona silaha dirishani hana muda wa kusoma bango.

Jumapili. Kufunga

Nyumba ya mawe inarudishwa kwa kufuata picha zilizopigwa Jumapili iliyopita: kila kiti, kila pazia, alama za miguu ya stendi sakafuni zimefutwa. Mwenye nyumba anapita chumba kwa chumba na kutia saini.

Majalada manne yanahesabiwa. Nakala tano za folio 41 zimebaki safi, na hizo haziguswi, kwa sababu mhariri akianza kuunganisha atakuta mahali ambapo mtazamaji anahitaji kuiona karatasi sekunde mbili zaidi. Shoti hizo zitapigwa Dar, mezani, kwa mkono wa mwigizaji yuleyule. Kwa hiyo mtu wa mwendelezo anapiga picha kucha zake, pete yake na saa yake, anaandika taa ilitoka upande gani na kwa kimo gani kwa kila sini, anachukua kipande cha ubao wa meza ya masijala, na jiwe linafungwa kwenye mfuko uleule wa folio. Lori linaondoka kwanza. Gari la diski linafuata saa moja baadaye.